Nilimuua Shangazi Ili Nikakimbie

Nimekosa jamani. Nalisema mwanzoni kabisa ili atakayenitukana anitukane kwa kosa lenyewe, si kwa yale yanayosimuliwa sokoni Mbinga, ambako nasikia siku hizi nimeongezewa hata mwanaume niliyemfuata ziwani. Mwanaume hakuwepo! Kulikuwa na raba, barabara ya vumbi na jua.

Kosa langu ni hili: nilimuua shangazi yangu. Nilimuua kwa mdomo tu, maana mwenyewe yupo Ngumbo, mzima, anakaanga usipa wake, vile vidagaa vya ziwani, na kunicheka. Lakini nilimuua, nikamlilia, na watu wazima wenye heshima zao wakamlilia pamoja nami. Yote hayo ili nikakimbie mbio za kilomita ishirini na moja. Wala sikuwa nakwenda kushinda chochote. Nilikwenda kwa raha yangu.

Naandika bila jina. Wanaonijua watanijua, na waendelee tu kunijua.

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nimezaliwa Ngumbo, nikaolewa huku juu milimani, upande wa Mpepai, kwenye kahawa. Nina mume, nina watoto, na nina mama mkwe tunayeishi naye ua mmoja. Umri wangu unatosha kuitwa mama na kila anayenisalimia njiani. Na ninapenda kukimbia. Haya, chekeni mmalize.

Ilianza kama mchezo. Alfajiri huwa natangulia shambani kabla ya wenzangu, na ile njia ya kushukia bondeni nikawa naishuka mbio, kwa sababu ya baridi tu. Baadaye nikawa naipanda mbio pia. Siku moja nikajikuta nimepita shamba letu, nimepita la jirani, nimefika darajani na miguu bado inadai. Nikasimama pale nikacheka peke yangu kama kichaa!

Tangu niolewe sijapata kitu kikawa changu peke yangu. Kitenge nikinunua, binti yangu anakiazima na hakirudi. Kuku nikifuga, anachinjiwa mgeni wa baba watoto. Lakini pumzi zile za alfajiri hakuna aliyeweza kuziazima. Nilizipenda, na sitaomba radhi kwa hilo hata mkinifunga kamba.

Sasa, mwaka jana shangazi akanitumia salamu kwamba vijana wa kule kwetu wameandaa mbio kando ya ziwa. Mnaanzia Ngumbo, mnakwenda upande wa Kihagara, mnageuza mnarudi. Anayetaka anajiandikisha, awe mzee awe kijana. "Njoo," alisema, "utalala kwangu, na mimi nitakupigia vigelegele."

Nikamwomba mume wangu ruhusa. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba kwanza niliomba kwa ukweli!

"Kukimbia?" akasema. "Unakimbizwa na nani?"

"Sikimbizwi. Nakimbia tu."

"Mama Neema, mke wa mtu hakimbii barabarani kama nyumba haijashika moto. Tena msimu wa kahawa! Watu watasema nini?"

"Watasema nakimbia."

Akageukia redio yake. Yakaisha.

Kuhusu kahawa hakukosea, lazima niwe mkweli. Kahawa ikishaiva haina subira. Unaichuma leo, unaimenya leo hii hii kwenye mashine, ukiilaza kwenye gunia inachachuka na kazi ya mwaka mzima inanuka. Kwa hiyo msimu ukifika, kwetu hakuna ruhusa. Harusi inasogezwa mbele. Mafua unaugulia mtini, kapu likiwa kiunoni. Kitu kimoja tu kinamtoa mtu shambani bila kuulizwa swali, nacho ni msiba.

Ningeweza kumsingizia shetani hapa, kama wengi wanavyofanya. Shetani wa watu alikuwa kwake. Ni mimi niliyewaza.

Siku mbili kabla ya mbio, jioni, nikaingia jikoni kwa mama mkwe nimejifunga khanga kichwani, macho nimeyasugua kwa kitunguu. Ndiyo, kitunguu! Nikasema, "Mama, nimeletewa habari kutoka ziwani. Shangazi ametutoka. Ni presha. Wanazika Jumamosi."

Nilitegemea atasema pole, aniachie niende, yeye arudi kwenye maharage yake. Badala yake alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye majivu, akashika kichwa kwa mikono miwili, na akalia. Alilia kweli. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ya harusi yangu yeye na shangazi walicheza pamoja mpaka viatu vikakatika, na tangu siku hiyo kila anayeshuka ziwani hubebeshwa mahindi ya shangazi, na kila anayepanda hubebeshwa usipa wa mama.

"Nenda mwanangu," akaniambia. "Kawahi. Sisi tutakuja."

Nikasema haraka, "Hapana mama, msijisumbue, na hii kahawa ilivyoiva!"

"Kahawa ni miti," akasema. "Itabaki."

Nami nikalichukua lile "tutakuja" kama maneno ya adabu tu. Hapo ndipo akili yangu ilipolala! Nilijua kabisa kwamba msiba unamtoa mtu shambani, ndiyo maana nikauchagua. Sikukumbuka kwamba ukinitoa mimi unawatoa na wao wote. Niliutaka mlango ule nipite peke yangu, kumbe mlango wa msiba kwetu haujawahi kupitwa na mtu mmoja.

Nikaondoka asubuhi, raba zimefichwa chini ya khanga nyeusi kwenye mfuko. Baba Neema mwenyewe alinisindikiza barabarani, kwa upole, akanishika bega. Mwaka mzima hakuwa amenishika bega. Nikazima simu nikasingizia chaji. Shangazi yeye hana simu, kwa hiyo wa kuulizwa hakuwepo.

Sikumwambia shangazi kwamba amekufa. Ningeanzaje? Alinipikia ugali wa muhogo, akanilaza mapema, na nililala vizuri sana, Mungu anisamehe.

Na mbio zenyewe! Acheni niseme ukweli hata kama mtachukia. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuamka. Tulikuwa kundi la watu wa kila namna. Walimu walikuwepo, wavuvi walikuwepo, mabinti wa sekondari, mzee mmoja mwenye kipara aliyekimbia na redio ndogo mfukoni. Nilibandikwa namba kifuani kwa pini. Ziwa lilikuwa upande mmoja, milima ya kwetu upande wa pili, na joto la kule chini lilinikaba koo, maana nimeshazoea baridi. Nilidhani nitaanguka kabla ya kugeuza. Nilipogeuza kule upande wa Kihagara na kuona njia ya kurudi, nguvu mpya ikanijia sijui kutoka wapi. Nikampita mwenye redio! Nikampita mwalimu mmoja kijana kabisa! Watoto walinipigia makofi, "Mama! Mama! Mama!" Nikasema moyoni, hata nikifa leo, nimeishi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kilomita ishirini na moja, na bado haikufika mwisho.

Nilikuwa naanza kuiona kamba ya kumalizia nikasikia honi nyuma yangu. Lori. Mfanyabiashara mmoja wa Mbinga, Mwislamu mwema, ndiye aliyelitoa bure aliposikia ni msiba. Ndani yake walisimama wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa karibu wote, wamejifunga khanga viunoni, wanaimba nyimbo za maziko. Kulikuwa na kuni mle. Kulikuwa na unga, maharage, sufuria zile kubwa za jumuiya. Mbele kabisa, ameshika bomba la lori, amesimama mama mkwe wangu, macho yamevimba.

Tukaonana.

Sasa sikilizeni alichokifikiri yule mama. Hakufikiri kwamba nimedanganya. Haikumjia hata kidogo! Alimwona mkwewe mwenye msiba anakimbia barabarani na suruali, jasho linamtoka, mdomo wazi. Akapiga kelele, "Jamani, mtoto amechanganyikiwa! Msiba umempanda kichwani! Simamisha gari, mshikeni!"

Gari likasimama. Na yeye akashuka.

Ningeweza kusimama, na hapo ndipo dhambi yangu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na kwa hii sijitetei. Ile kamba ilikuwa karibu. Nikaendelea. Nilijua kabisa nani yuko nyuma yangu na kwa nini, nikaongeza mwendo!

Akanifuata mbio. Mama wa watu, bibi wa wajukuu, ndala zimemvuka mwanzo tu, akakimbia pekupeku juu ya kokoto, khanga inafunguka, anaita, "Mama Neema! Ngoja mwanangu! Mama Neema!" Watu wa pembeni hawakujua lolote. Wao waliona bibi naye anashindana. Wakashangilia, "Bibi! Bibi! Bibi!" Mpaka leo nikifunga macho nazisikia zile sauti.

Nikavuka kamba. Yeye akavuka nyuma yangu. Akanikamata, akanivutia kifuani, akakibana kichwa changu chenye jasho, huku naye anahema, anasema, "Pole mwanangu. Pole. Lia tu. Nipo."

Nami nikaficha uso kwenye khanga yake.

Kisha shangazi akaja anapiga vigelegele, kikombe cha maji mkononi.

Mama mkwe aliinua uso. Alimtazama. Alinyoosha mkono akamgusa shavu, taratibu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Nyuma yetu wanawake wa lori walikuwa wameshafika, na nyimbo zote zimekatika.

Shangazi akatazama kuni, akatazama sufuria, akaniangalia mimi. Ni mwepesi wa akili yule.

"Nani kafa?" akauliza.

Mama Kapinga, mwenyekiti wa jumuiya, ndiye aliyejibu. "Wewe."

"Mimi! Kwa ugonjwa gani?"

"Presha," nikasema kwa sauti ndogo.

"Presha!" Shangazi alifoka kweli kweli. "Mimi na presha wapi na wapi? Si ungesema hata nimechukuliwa na mamba, nikafa na jina!"

Wawili watatu walicheka, wakashindwa kujizuia. Shangazi akaona heri aendelee. Akasema chakula cha msiba hakirudi nyumbani, na kwa kuwa marehemu ni yeye, anaruhusu kipikwe. Wakapika. Wakala ugali na usipa pale pale kwake, wengine wamenuna, wengine wanacheka kwa siri, yule mzee wa redio naye akakaribishwa.

Mama mkwe hakula. Alikaa pembeni, nyayo zimechanika kwa kokoto. Nikachota maji ya uvuguvugu nikapiga magoti nimwoshe. Akaurudisha mguu.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Baba Neema alinikatalia."

"Mimi uliniuliza lini?" akasema.

Kwa miaka yote ile katika ua ule ule, haikunijia kwamba yule mama naweza kumwomba kitu. Nilidhani najua atakachosema. Pengine angenikatalia. Pengine angenibebesha mahindi ya shangazi na kuniambia nirudi salama. Sitajua tena, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akaongeza neno moja tu. "Mimi nililia kweli."

Tuliporudi, ua wote ulinuka. Siku ile ya maandalizi kila mtu alikuwa kwenye kukusanya kuni na unga, hakuna aliyeikumbuka kahawa iliyokuwa imeshachumwa. Ilikuwa imelala kwenye magunia, imechachuka, inatoa povu. Mume wangu hakunipiga, si mtu wa hivyo. Alinifungulia gunia moja akaniambia, "Nusa." Nikanusa. Jasho la watu wote wa nyumba ile lilikuwa mle ndani.

Kisha jumuiya ikakaa kikao. Wakasema mimi siaminiki na msiba, kwa hiyo sitashika mwiko kwenye chungu cha msiba wowote, sitakaa mkekani na wenzangu, kazi yangu itakuwa kuchota maji mtoni mpaka watakapoona inatosha. Kwetu hiyo ni aibu kubwa, ni kazi ya wasichana. Nikasema sawa. Nikachota. Napanda kilima na ndoo kichwani, nashuka mbio na ndoo tupu, napanda tena. Hawakujua kwamba wamenipa mazoezi! Mapaja yangu sasa ni chuma.

Nilikwenda pia kutubu kanisani. Padre akauliza najutia nini. Nikasema uongo, na kumkimbiza mama yule. "Na mbio?" akauliza. Nikasema, hapana Baba, mbio sijutii. Akasema tutubu basi lile linalotubika.

Lakini adhabu yenyewe hasa haikutoka kwa jumuiya wala kwa padre. Kila asubuhi nilizoea kupiga goti mlangoni kwa mama mkwe, "Shikamoo mama," naye anajibu, "Marahaba mwanangu." Tangu siku ile anajibu, "Marahaba." Inaishia hapo. Hanigombezi, hanisengenyi, chakula changu anakula. Neno moja tu amelitoa. Mara ya mwisho kulisikia ni pale kwenye kamba, kichwa changu kikiwa kifuani pake, naye akidhani nina majonzi.

Ndugu zangu, hilo neno dogo lina uzito kuliko ndoo zote nilizobeba.

Mwaka huu mbio zikatangazwa tena, na tena kahawa imeiva. Majirani wakaniangalia kwa jicho la pembeni, waone kama nimekoma. Sikukoma! Jioni, familia yote ikiwa uani inachambua kahawa, nikasimama.

Sikumtazama mume wangu. Nilimtazama mama mkwe.

"Mama, naomba ruhusa ya Jumamosi."

Akaendelea kuchambua. "Nani amekufa?"

Watu wakashusha macho. Mtoto mmoja akacheka akafinywa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Nakwenda ziwani kukimbia. Kazi yangu ya siku hiyo nimeshaimaliza, nimekuwa nikichuma kwa mwanga wa alfajiri wiki nzima. Nakwenda kwa sababu napenda. Ukinikatalia leo, nitakwenda ukiwa umenikatalia, na nikirudi nitakukuta hapa na hasira yako, nitaibeba. Lakini sitakudanganya tena."

Baba Neema akafungua mdomo. Mama akainua kiganja, mdomo ukafungwa.

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Akaupiga piga chini, akausimamisha ukutani. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Pale karibu na mwisho pana kokoto. Pita upande wa ziwani, ndio laini."

Akaingia ndani.

Neno "mwanangu" hakulisema. Lakini nilipita upande ule alionielekeza, jamani, na ni kweli ulikuwa laini, na nilivuka kamba nikilia mbele za watu wote bila kitunguu.

Sasa nyinyi mnaosoma, hasa wanawake wenzangu mlio na raha ndogo mliyoificha chini ya khanga. Msidhani nawaambia muache. Aache nani! Kimbia, imba, cheza mpira, panda baiskeli, watasema mpaka wachoke. Ninachowakataza ni kuifungulia raha yako mlango kwa machozi ya mtu mwingine. Iombe kwa jina lake. Mwombe hata yule unayedhani anakatalia kila kitu, maana humjui. Ukinyimwa, ondoka mchana kweupe wakuone mgongo, urudi mchana kweupe wakutukane usoni. Matusi yanapona.

Lakini ukimuua mtu kwa mdomo, hata akiwa hai anakaanga usipa wake, kuna mwingine utakuwa umemzika kweli. Mimi wangu yupo mlango wa pili, namwamkia kila asubuhi, na kila asubuhi nangoja alimalizie lile jibu.